Mijotezi ya dola 45: miezi saba ya kupika nguruwe na mboga hapa Bukavu

Naanza na jibu, juu najua benye wako haraka. Kama kuranti ya kwenu inakaa masaa sita mpaka nane bila kukatika, mijotezi nunua, utaipenda. Kama inakuya na kuenda vile inataka, usikimbie, soma kwanza yote, juu mimi nilishatupa kilo mbili ya nguruwe kwa sababu hakuna mutu alinielezea hii maneno mbele, na kilo mbili ya nguruwe siyo kitu ya kutupa.

Kwa benye hawajaiona: mijotezi ni sufuria ya kuranti ya kupika polepole. Ndani kuna chungu moja nzito ya udongo ya kungaa, inje kuna chuma yenye resistansi imezunguka, juu kifuniko ya kioo. Unatia nyama, mboga, maji kidogo, unafunika, unazungusha kabutoni, unaenda zako. Haipige kelele, haitoe moshi, haina presha kama kokoti minuti yenye bamama wengi wanaogopa. Yangu iko ya litre 5. Kwetu tuko sita na tunashiba, na inabakia kidogo ya bwana yangu kubeba kazini siku ya kwanza, lundi.

Niliinunua mu magazini moja ya bitu bya nyumba upande wa Nyawera. Muuzaji alianza na dola 60, tukasemezana vizuri, akashuka ku 50, nikamuambia papa mimi niko na 45 na transpo ya kurudia, akanyamaza kidogo kisha akasema chukua mama. Kitu nilipenda, alifungua karto mbele yangu, akachomeka mu priz, akaniambia niweke mukono pembeni nisikie kama inapata moto. Hiyo fanyeni siku zote, hata muuzaji akuambie kitu iko mupya. Garanti ilikuwa ya yenga moja tu (siku saba), akaiandika nyuma ya fakture, ni kidogo, lakini angalau iliandikwa. Chini ya mashini kuna kikaratasi: 220-240 V, 240 W. Usilipe mbele ya kusoma hiyo kikaratasi. Shemeki wangu yuko Marekani alitaka kunitumia ya kule, ya muzuri kabisa, nikamuambia aksanti lakini apana, juu ya kule iko ya 120 V, na resistansi ya 120 ukiichomeka mu 220 yetu inavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile walitengenezea, inaungua siku ile ile. Utanunua tena transformatere ya kuibeba, na pesa ya transformatere ungenunua nayo nyama.

Sasa ile ya kilo mbili.

Ilikuwa mara ya pili tu naitumia. Siku ya kazi, asubui saa moja nikatia bega ya nguruwe, birayi, karoti, kila kitu, nikaweka ku moto ya chini, nikaenda kazi na roho nyeupe. Nikarudi saa kumi na moja ya jioni. Taa ya mashini inawaka, kifuniko iko na matone, nikafurahi. Nikafungua: nyama iko ya rangi ya majivu, maji ni vuguvugu, kirayi ukichoma na kisu iko ngumu kama jiwe. Jirani njo aliniambia, kuranti ilikatika saa tatu na ikarudi saa kumi kasoro. Donki ile nyama ilipata moto masaa mawili, ikakaa vuguvugu karibu masaa saba, kisha ikaanza kupata moto tena. Boni, mutumishi wetu wa nyumba, alisema mama tuchemushe tena sana itakuwa sawa. Mimi nilikataa. Nyama yenye imekaa vuguvugu, kati ya digri 5 na 60, zaidi ya masaa mawili, ile vijidudu inazaliana ndani, na ingine inaacha sumu yenye hata uchemushe namna gani haitoke. Nikamwanga yote. Bwana yangu hakusema kitu, lakini batoto walikuwa wanangojea tangu asubui na ile ilinisumbua roho zaidi ya pesa.

Kwa hiyo kitu ya kwanza ya kujua siyo resepti, ni kuranti ya avenue yenu. Kwetu nilifuatilia yenga mbili, nikaona muchana haina uhakika lakini tangu saa tatu ya usiku mpaka asubui inakaa. Tangu pale napika usiku tu. Na nilipata njia moja ya kujua kama ilikatika wakati nilikuwa nalala: ile reveye ya zamani ya kuranti, ya namba nyekundu, niliichomeka pembeni ya mijotezi. Kuranti ikikatika, ikirudi ile reveye inaanzia ku 0:00 na kuhesabu, na namba zinapepesa. Asubui nikiangalia nikikuta inapepesa na imeandika 1:40, najua kuranti ilirudi kuna saa moja na dakika 40. Sasa njo naanza kuhesabu vizuri: ilikatika ku saa ngapi, nyama ilikuwa imeshaiva ao bado. Ukiwa macho na kuranti inakatika mbele nyama iive, usingoje. Hamisha yote mu sufuria ya chuma, weka ku mbabula ya makala, malizia pale. Ile chungu ya udongo usiiweke ku mbabula hata dakika moja, itapasuka. Na kama nyama ilikuwa imeshaiva, acha kifuniko vile iko, funika mashini na blanketi, ile chungu iko nzito inachunga moto kwa muda muzuri. Lakini zaidi ya masaa mawili usingoje, washa mbabula.

Hapo pia utachunga namna ya kabutoni. Kuna mijotezi ya namba namba, ya ekra, na kuna ya kuzungusha kwa mukono. Mu muji kama yetu kamata ya kuzungusha. Ile ya ekra, nyingi kuranti ikikatika inasahau yote, ikirudi inabakia imezimika mpaka mutu aguse tena. Ya kuzungusha inaendelea yenyewe. Yangu iko na nafasi tatu: moto ya chini, moto ya juu, na ya kuchunga tu chakula isipoe. Masaa nane ya chini ni sawa na masaa mane ya juu, kidogo tu tofauti. Lakini hapa Bukavu ongeza. Tuko ku metre karibu 1500 juu ya bahari, na maji hapa inachemuka ku digri 95 hivi, haifike 100 kama kule Mombasa (njo maana maharage yetu inakawia, siyo makala tu ya kulaumu). Mu kitabu kidogo ya mashini waliandika masaa saba kwa bega ya nguruwe, mimi naweka nane na nusu ao tisa, na ile nyama inaachana na mufupa yenyewe.

Tuingie ku nyama. Ukiwaambia bushe ku soko nataka nguruwe ya muzuri, watakupa ile nyekundu bila mafuta, file ao paja, na utalipa bei. Kwa mijotezi ile ni kosa. Nyama kavu ukiipika masaa nane inakuwa nyuzi nyuzi, inakauka mu kinywa hata kama inaogelea mu sosi. Omba bega, na mufupa yake, yenye iko na mistari nyeupe ya kano ndani. Ile kano njo inayeyuka polepole na kuwa kama utelezi, njo inafanya sosi inashika ku bugali. Na ni ya bei ya chini, bamama wengi wanaipita juu wanaiona ngumu. Ngozi natoa, mafuta ya juu natoa nusu, yote ukiacha itaelea juu kama kidole moja ya mafuta, hakuna mahali ya kuenda juu kifuniko haifunguke.

Na kabla ya kulipa, angalia nyama karibu karibu, ku mwangaza. Ukiona ndani ya nyama bitu bidogo nyeupe kama punje ya muchele ao lulu, acha, usikubali hata akupunguzie nusu. Ile ni watoto wa tenia, ile munyoo ya tumbo, na huku kwetu nguruwe nyingi inazungukazunguka inje inakula kila kitu, hiyo mambo iko. Moto ya kuivisha vizuri inaiua, ni kweli, lakini mimi nyama yenye nimeona vile siiingize mu nyumba. Niko na bushe moja nimemuzoea, nguruwe yake inatoka upande wa Walungu, ananikatia bipande bikubwa kama ngumi. Bidogo bidogo vya kukaranga havifai hapa, vinapotea.

Mboga sasa. Hapa njo napenda kukaa, juu batu wengi wanaandika juu ya nyama na mboga wanaipitia mbio, wakati sisi tuko na mboga za Kabare zinashuka kila asubui mu migongo ya bamama, karoti bado iko na udongo, shu ya kichwa kama mupira, pwaro ya mukono mzima, birayi. Nani ako na mboga kama yetu? Mboga mubaya haipone mu mijotezi. Ku mbabula unaweza ficha na moto mukali na mafuta, lakini hapa karoti inakaa usiku mzima mu maji yake yenyewe, kama ilikuwa muzee na imenyauka utaisikia.

Jambo yenye ilinishangaza: mu hii mashini mboga ngumu inakawia kuiva kushinda nyama. Nilikuwa nafanya kinyume, nyama chini, birayi juu, na birayi inabakia na roho mbichi. Moto inatokea chini na pembeni, kwa hiyo birayi na karoti ndiyo zinalala chini kabisa na kugusa ukuta wa chungu, nyama inakaa juu yao, na maji ya nyama inawashukia. Kata birayi robo, siyo kidogo zaidi, na karoti bipande bya urefu wa kidole gumba. Jambo ya pili, tomati. Niliwahi kutia kopo nzima ya tomati tangu mwanzo, asubui masaa tisa imepita na birayi bado inalia kru kru mu meno. Uchachu wa tomati unazuia mboga isilainike. Sasa tomati naweka kijiko moja tu mwanzo, ingine naongeza saa ya mwisho. Shu pia saa ya mwisho, ao saa moja na nusu, ukiiacha usiku mzima nyumba yote itanuka na yenyewe inakuwa kama kamasi. Lengalenga ukipenda dakika 20 za mwisho inatosha. Pwaro mimi nagawanya: nyeupe yake naweka tangu usiku, ya majani kibichi asubui na shu.

Basi usiku wa siku ya posho, samedi, vile nafanya. Saa mbili batoto wakisha kula, nakamata kilo mbili ya bega, nasugua na chumvi, kitunguu saumu ya kuponda, tangawizi na pwavre, naacha ikae. Boni anamenya birayi kilo moja, karoti sita, vitunguu vitatu. Kisha nawasha mbabula, hata kama nina mijotezi, ndiyo, juu hiki kipande sikiruke: nyama nakaranga pande zote mu mafuta kidogo mpaka inakamata rangi ya kahawia. Mijotezi yenyewe haiwezi kuleta ile rangi wala ile harufu, iko na mvuke tu ndani, ukitia nyama mbichi itaiva lakini itatoka ya rangi ya ugonjwa na sosi itakuwa nyepesi. Dakika kumi za makala zinatosha. Mu ile ile sufuria nakaranga vitunguu, namwanga nusu glasi ya bia ya Primus ya kukwangua chini, na yote naimwanga mu chungu. Birayi na karoti chini, nyama juu, seleri, majani mawili ya lorie, pilipili moja nzima bila kupasua juu ya batoto. Maji glasi moja. Moja! Bakwetu wanaona glasi moja wanasema itaungua, wanaongeza litre nzima, kisha wanakula supu. Hapa maji haitoke kwa mvuke, inapanda ku kifuniko na kurudi, na nyama na karoti nazo zinatoa maji yake. Chungu ijae kupita nusu kidogo, isifike ukingoni, mpaka theluthi mbili hivi ni sawa. Saa tatu na nusu nafunika, moto ya chini, nalala.

Na usifungue. Kila mara unainua kifuniko ya kuangalia, mvuke yote inatoka na mashini inahitaji dakika 20 mpaka 30 kurudia pale ilikuwa. Ni jambo ngumu kwa mama mwenye amezoea kuonja kila saa, mimi pia ilinichukua muda.

Saa tisa ya usiku harufu inaanza kupita chini ya mulango ya chumba. Mutoto wangu wa tatu aliamuka mara moja akaja kuniuliza kama ni Noeli.

Saa kumi na moja na nusu naamuka, naangalia reveye, natia shu, pwaro ya kibichi na ile tomati ingine, nazungusha ku moto ya juu. Tunaoga, batoto wanavaa, na mbele ya kutoka kwa misa ya kwanza naionja chumvi, naweka ku nafasi ya kuchunga. Tukirudi, kazi inabakia tu bugali. Zamani ilikuwa vile: natoka misa mbio bila hata kusalimia batu, juu nyama inaningojea ku mbabula na kuiva ni saa nane, batoto wanalia njaa. Sasa naimba mu korali mpaka mwisho, na tukimaliza nabakia na bamama wa korali tunasemezana, hakuna kitu inaungua ku nyumba.

Sosi yake nieleze. Ukiitoa iko maji maji kidogo. Nakamata birayi mbili tatu zenye zimelainika, naponda na kijiko mule mule, nachanganya, nangoja dakika kumi, inakamata uzito. Sihitaji farine. Ile sosi na bugali ya muhogo, aah, siwezi kuandika vizuri zaidi ya pale, mupike muone.

Nilijaribu pia na nanasi ya Idjwi, juu nanasi na nguruwe vinapendana. Mara ya kwanza niliitia mbichi tangu usiku, asubui nyama imekuwa kama pate, ukiigusa inapondeka, haina tena utamu wa kutafuna. Nanasi mbichi iko na kitu ndani yenye inakula nyama, na mijotezi inapata moto polepole kwa hiyo inaipatia wakati mwingi wa kuila. Ku moto mukali ingekufa haraka. Sasa naweka nanasi saa ya mwisho tu, ao nakaranga kwanza, na iko muzuri sana, utamu ya nguruwe na uchachu kidogo.

Na maharage, juu najua mutauliza. Nguruwe na maharage mu mijotezi inawezekana, lakini maharage nyekundu usiitie mbichi, hata kidogo. Lala nayo mu maji usiku, mwanga ile maji, kisha chemusha mu sufuria ya kawaida na maji ya kuchemuka kabisa dakika 10 kupanda, njo uhamishe. Maharage nyekundu mbichi iko na sumu yenye inatapisha batu na kuharisha, na moto ya mijotezi haina nguvu ya kuivunja. Hiyo kitabu ya mashini yangu haikuandika na walipashwa kuandika, ni mahali moja nawakata nota.

Matumizi ya kuranti: nilisoma kashpawa yangu, ile mashini ya kuhesabu kuranti, mbele na kisha ya kupika usiku mzima, haikufika unite mbili. Reshoo yangu ya kuranti ya 1500 W inakula hiyo kwa saa moja na robo tu. Na jambo ingine kubwa kwetu, kuranti ikiwa nyepesi, yenye ampule inawaka kama mushumaa, reshoo haifanye kitu lakini mijotezi inaendelea, polepole zaidi lakini inaendelea. Siku kama ile naiweka ku moto ya juu hata usiku. Makala nayo, kwa bega ya kilo mbili nilikuwa namaliza ndoo nzima, na mutu lazima akae pale kupepea. Na kila mutu anajua makala yetu inatoka mu miti gani. Sisemi mijotezi itaokoa msitu wa Kahuzi, nasema ndoo yangu sasa inakaa siku tatu.

Jirani wetu mama mmoja ni Musabato, upande mwingine ni Baislamu, kwa hiyo mbele sikuwahi kuwaonyesha hii sufuria. Lakini yule Musabato aliiona siku moja nimepika sombe na maharage ndani akaipenda sana, akauliza kama inawezekana kuazima. Nikamuambia ukweli: chungu hii inapika nguruwe, hata niioshe namna gani sitakupa. Akanishukuru, kisha akanunua yake. Kisha nilisoma ile mashini ilitoka wapi na nikamuelezea. Mwenye aliivumbua anaitwa Irving Naxon, Muyahudi wa Chicago, alipata cheti yake ya uvumbuzi ku 1940. Mama yake alikuwa anamuelezea namna ku Vilnius, kule Lituania, walikuwa wanapika chakula moja inaitwa cholent, maharage na nyama, wanaipeleka mbele ya Sabato kwa mutengeneza mikate, inakaa mu furu yake yenye inapoa polepole usiku mzima, kesho wanakula bila kuwasha moto. Ku 1971 kampuni Rival ikaiuza kwa jina la Crock-Pot na ikaenea Marekani yote. Yule mama alifurahi sana kusikia ni chakula ya Sabato. Na mimi nilifikiria tate yangu ku Kabare, namna alikuwa anaacha nyungu ya maharage mu majivu ya moto usiku, ni kazi ile ile.

Makosa ya mashini yenyewe, niyaseme yote. Kamba ya kuranti ni fupi sana, haifike metre moja, na sitaki ralonji ku kitu yenye inawaka usiku mzima, kwa hiyo tulihamisha meza. Kiguu moja ya kaushu chini ilitoka mwezi wa pili. Kifuniko haikai sawa upande mmoja, mvuke inatoka kidogo, naweka kitambaa pale. Chungu iko nzito, ikijaa boni peke yake asiibebe. Na usiioshe na maji baridi ikiwa bado moto, acha ipoe yenyewe, mama mwenzangu wa korali yake ilipasuka katikati ku robine, na bipande bya kubadilisha hapa muji sijaviona popote, ikipasuka umebakia na boks ya chuma. Chakula ya kubakia pia usiipashie ndani, inakawia kupata moto, pasha mu sufuria ku mbabula mpaka ichemuke vizuri. Na nyama ya kutoka mu kongelatere usiitie ikiwa barafu, ni sababu ile ile ya vuguvugu.

Nota yangu kwa mashini ni 7 juu ya 10, kwa magazini 8, kwa bega ya nguruwe na mboga za Kabare mimi natoa 10 bila kufikiri.

Mama mukwe wangu ku Bagira alitaka tumununulie yake ku bonane. Nilienda kwake siku tatu kuangalia, kuranti inakaa masaa mawili inaenda, nikamuambia mama, kwako hapa hii itakuletea ugonjwa, tungoje kwanza. Alikubali, lakini niliona haikumupendeza. Kwa hiyo kila siku ya Mungu ya pili ya mwezi natoa sehemu yake mbele ya kugawa mezani, natia mu sufuria ya chuma na kifuniko, nafunga na kitenge mara mbili, bwana yangu anapanda nayo taxi wakati ingali moto. Sufuria hairudi tupu hata siku moja. Mara ya mwisho ilirudi na birayi mupya za shamba yake, za ngozi nyekundu, na nimeziweka pembeni kwa siku ya posho.